Kuku Katikati ya Masasi

Mshukiwa alikuwa anatabasamu, na hilo ndilo lililomkera Inspekta Clémence Nabintu kuliko yote. Mtu amelazwa kwenye saruji ya mahabusu, jicho moja limevimba, anajua kabisa kwamba jua likizama Komanda wa jeshi linaloushika mji atakuja kumchukua ampeleke kambini, na kule kambini hajaenda mtu akarudi kusimulia. Halafu anatabasamu!

"Mardochée, nisikilize vizuri," Clémence alisema akivuta kiti karibu. "Juzi usiku kule Muhungu batu balisikia masasi ya bunduki. Asubuhi depo ya dawa iko wazi, kinini imeenda, serumu imeenda. Askari bakaingia kwako, bakakuta mashini yenye kulia kama bunduki. Komanda anasema unaita adui na hiyo milio. Wewe unasema nini?"

"Maman Inspekta, batu balilala chini?"

"Unasema?"

"Kule Muhungu. Balilala chini kweli? Hata banaume?"

"Balilala mpaka asubuhi."

Mardochée akafumba jicho lake zima kama mtu anayeonja mchuzi. "Basi iko yangu," akasema. "Hakuna mutu mwingine Bukavu anaweza kufanya ile sauti. Iko yangu, Maman."

Mlangoni, polisi Willy akashika kichwa. Clémence aliinuka, akafunga mlango kwa mguu, akarudi kukaa.

"Hayo maneno sikuyasikia," alisema. "Willy, wewe umesikia?"

"Masikio yangu iko mbaya leo, Inspekta."

"Voilà. Mardochée, ukirudia hiyo sentensi mbele ya Komanda, mama yako atazika nguo, maana mwili hawatamupa. Sasa eleza polepole. Hiyo mashini inafanya nini?"

Loo, hapo alikuwa amefungua bomba! Mchana Mardochée alichapa barua kwenye ofisi ya shirika moja la maendeleo, pale Nyawera. Jioni wenzake wakienda zao, umeme ukikubali, alibaki na kompyuta. Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa na kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada, na kichwa kigumu. Katika miaka ile mitatu ya vita vya pili vya Kongo, wakati wenzake walikuwa wanatafuta njia ya kukimbilia Kigali au Nairobi, yeye aliandika programu inayotengeneza milio: unachagua mvua juu ya bati, unaongeza matone, unapunguza upepo, unachagua injini ya boti, unaisogeza mbali ziwani mpaka ipotee. Kisha akatengeneza michezo midogo ya kuiweka milio hiyo ndani. Mmoja ni wa pikipiki inayokwenda Kamituga, ikiingia kwenye tope unaisikia inavyokoroma. Mwingine ni wa boti ya vitunguu kwenda Minova. Watu walimcheka sana, mtu mzima kukaa kuinyeshea mashini mvua huku bati la mama yake linavuja. Alijibu kwamba wangoje.

"Na bunduki ya nini?"

"Iko mchezo ya batoto. Inaitwa Lala Chini. Mutoto anaenda masomo. Masasi ikilia, anabonyeza, anaanguka chini. Akichelewa, anaanza tena nyumbani. Nilitaka batoto bajifunze bila kufa, Maman."

Clémence alimtazama. Yeye mwenyewe alikuwa mwanamke wa kujivuna, hilo mji mzima ulijua: mwanamke peke yake katika ofisi ile, na hakuna faili lake hata moja ambalo parke, ofisi ya mwendesha mashtaka, iliwahi kulirudisha. Alijua namna kiburi cha kazi kinavyomfanya mtu aropoke. Kijana huyu angejinyonga kwa ulimi wake kabla ya kukubali kwamba mtu mwingine ametengeneza kitu kizuri.

"Kaa kimya mpaka nirudi," alisema. "Mutu akikuuliza, wewe ni mugonjwa wa meno."

*

Muhungu walipanda kwa miguu, yeye na Willy. Kufuli la depo lilikuwa bado linaning'inia mlangoni, limekatwa katikati. Clémence alipitisha kidole kwenye chuma.

"Msumeno," alisema. "Mwenye ufunguo hakati kufuli. Na msumeno wa chuma unapiga kelele, Willy. Ungesikika mpaka kanisani."

"Isipokuwa kama kuna kelele kubwa kuliko msumeno."

"Ndiyo maana nakupenda. Mlinzi yuko wapi?"

Mlinzi aliitwa Philémon, na siku ile alikuwa shujaa wa avenue nzima. Alikuwa amekwisha kusimulia mara nyingi jinsi alivyopambana na kundi la watu wenye silaha, na kila alipoongeza kusimulia, kundi nalo liliongezeka.

"Bunduki gani?" Clémence akauliza.

"Kalash, Maman. Mpya kabisa."

"Walipiga wapi?"

"Hapa, ukutani. Pa! Pa! Nikajirusha hivi."

"Nionyeshe tundu."

Philémon akautazama ukuta. Ukuta ulikuwa mweupe, mzima, umepakwa chokaa wakati wa Noeli.

"Labda walipiga juu."

"Labda. Basi nipe ganda moja la risasi."

Hapo mtu yeyote wa Bukavu angejua mwisho wa mazungumzo. Masasi yakilia usiku, kabla ya uji wa asubuhi watoto wamekwisha kuokota kila ganda, wanafanyia filimbi, wanafanyia magurudumu ya magari ya waya. Clémence alikuwa amepita akiwauliza watoto wa mtaa wote tangu chini barabarani. Hakuna aliyeokota hata moja, na walikuwa wamekasirika kweli kweli kwa kukosa.

"Philémon baba, ulikuwa wapi?"

Yule mtu mzima akaanza kulia. "Mu kanivo, Maman. Nilijifunika koti kichwani. Sikuona mutu. Niko na batoto, Maman."

"Hata mimi niko nao. Futa machozi. Kulala kwenye mfereji haiko kosa, kunidanganya ndiyo kosa."

Willy alikuwa anataka kumfunga Philémon pingu palepale, lakini Clémence alitikisa kichwa. Mwizi asingekuwa na haja ya kujifedhehesha namna ile.

Kwa hiyo bunduki haikuwapo, kulikuwa na mlio wake tu. Hilo lilimtia Clémence baridi, maana lilimrudisha moja kwa moja kwa yule kijana mwenye jicho bovu. Akavuka kwenda nyumba ya pili, ambako Maman Rosalie, mjane wa mwalimu, alikuwa anachambua majani ya sombe uani.

"Karibuni. Sina kiti ya kutosha. Huyu kijana akae kwenye ndoo."

"Mama, usiku ule ulisikia nini?"

"Kile kila mutu alisikia. Masasi."

"Na askari wa kituo cha pale kona? Hawakuja?"

Maman Rosalie akacheka mpaka sombe ikamwagika. "Bakuje? Bao ndiyo balitangulia kukimbia! Balipita humu, mu maharagi yangu, kuelekea ziwa. Mumoja aliacha boti ya mguu. Iko pale, unaweza kuibeba."

Clémence alilitazama lile buti la jeshi, kubwa, limesimama kando ya maharagwe. Akaliacha hapohapo, lakini akaliweka moyoni.

"Ni hayo tu, Mama? Hakuna kingine ulisikia?"

Mjane akainama juu ya majani yake. "Kingine hapana."

"Kuna kingine."

"Utanicheka."

"Mama, kuna mutoto wa mutu atakufa leo jioni. Sina nguvu ya kucheka."

"Nilisikia kuku," Maman Rosalie akasema kwa haraka, kama anayetema kitu. "Kuku jike, yenye imetoka kutaga. Masasi, kisha ko-ko-ko-kodaa! Tena masasi. Tena kuku. Usiku, Maman! Kuku gani inataga usiku, mu masasi? Nikasema, Rosalie, kichwa yako imeisha."

"Labda ya jirani."

"Jirani gani? Tangu hawa askari bafike, hii avenue haina kuku hata moja. Balikula zote. Balikula hata yenye ilikuwa inalalia mayai."

Clémence alisimama. Alijisikia mwepesi ghafla, kama aliyetua gunia: kijana mwenye kiburi kile asingeacha kuku ndani ya kazi yake.

*

Mahabusu, Mardochée hakutabasamu tena. Alivyosikia neno kuku alijifunika uso kwa mikono yote miwili, na masikio yake yakaiva.

"Nani alisema? Nani alisikia kuku?"

"Mutu mwenye masikio. Sema."

"Ile haiko yangu! Yaani, iko yangu, lakini..." Alipiga sakafu kwa kiganja. "Maman Inspekta, ile ni ya kwanza kabisa. Nilikuwa sijajua kutengeneza mulio kwa hesabu. Nilipiga godoro na fimbo, nyumbani, nikarekodi na kinasa sauti. Na kuku ya mama yangu ikataga! Sikuiona mpaka nimemaliza. Kila mara sauti ikirudia, kuku inarudia. Nilisikia haya. Nilifuta, nikaanza upya. Ya sasa haina kuku, hairudii, kila sasi iko tofauti na ingine, hata mwangwi wa kilima umo! Sasa batu ba Muhungu batasema Mardochée alifanya kazi na kuku ndani?"

"Mardochée."

"Ni haya kubwa, Maman."

"Mardochée! Ulifuta yote?"

Akahesabu kwa vidole. Kisha, taratibu: "Disketi moja ilitoka."

"Kwa nani?"

"Papa Placide. Mwenye kukodisha baffle ya muziki kwa ndoa na matanga. Alileta vyombo kwa sikukuu ya ofisi, akaona mchezo, akaniomba. Alisema ni ya batoto yake."

"Ana kompyuta nyumbani?"

Ilionekana swali hilo halijampitia kijana kichwani hata siku moja.

"Hapana," alisema. "Lakini alinisifu sana, Maman."

Clémence alitamani kumzaba kofi na kumkumbatia kwa wakati mmoja. Hakufanya lolote. Alimwita Willy, wakasimamisha lori la mchanga lililokuwa linakwenda Bagira.

*

Placide alikaa Kasha, mtaa wa Bagira, na uani kwake siku ile palijaa watu: wanawake wanamenya mihogo, mzee mmoja ananyolewa, majirani wanapita na madumu ya maji. Mvua ya asubuhi ilikuwa imeacha tope jekundu kila mahali. Mwenyewe alitoka amevaa shati safi na viatu vilivyong'aa, akawapokea vizuri mno.

"Inspekta Clémence! Heshima gani hii?"

"Iko dote, sikukuu ya mahari ya mutoto wa dada yangu," Clémence akasema. "Nataka vyombo. Lakini mimi sikodi kitu bila kukisikia."

"Hakuna shida. Nilete kaseti ya rumba?"

Clémence alikuwa ameipanga hesabu hiyo juu ya mchanga wa lori. Disketi haichezwi na ampli. Lazima Placide aliomba mtu mahali fulani amhamishie mlio kwenye kaseti. Na kaseti, tangu njia zifungwe, zilikuwa adimu mjini. Hakuna aliyetupa kaseti. Uliyoimaliza kazi uliirekodia kitu kingine juu yake, basi.

"Rumba hapana, sisi ni batu ba kanisa. Jana Jumapili ulirekodi koro ya kanisa ya hapa, nimeambiwa. Nisikilizishe hiyo."

"Ile haijatoka vizuri."

"Ndiyo nataka kusikia kama ni koro au ni vyombo."

Majirani walikuwa wanasikiliza, na Placide alikuwa mfanyabiashara. Akaunga nyaya kwenye betri ya gari, akaweka kaseti. Kulikuwa na maboksi mawili makubwa ya sauti, lakini moja tu ndilo lililoimba.

"Hili lingine?"

"Limeharibika, Maman. Nitatengeneza."

Willy, kama walivyopatana, alijisogeza akaegemea boksi lile bubu.

Koro iliimba vizuri, Mungu awabariki. Wanawake wa mihogo waliitikia. Wimbo ulipofika mwisho, Placide akanyoosha mkono kuzima.

"Acha," Clémence akasema.

"Imeisha, Maman."

"Acha nisikie kama inakwaruza."

"Inaniharibia betri..."

"Placide. Acha."

Akamshika kifundo cha mkono. Kaseti ikaendelea kuzunguka, sauti ya upepo tu, na uani watu wakarudia mazungumzo yao.

Kisha masasi yakalia.

Yalijaza uwanja, yakapiga kuta, na akili ya mtu haikupewa nafasi ya kuuliza chochote. Wanawake walikwenda chini pamoja na mihogo yao. Mzee alikwenda chini na sabuni kichwani. Madumu yalianguka, mama mmoja alimlalia mtoto wake. Willy alikwenda chini. Na Inspekta Clémence Nabintu, ambaye alijua, ambaye alikuwa ameyangojea masasi hayo, alijikuta kifudifudi kwenye tope jekundu la Kasha, amevaa pagne yake, kitenge cha Pasaka.

Aliinua macho. Katika uwanja mzima palikuwa na kitu kimoja kilichosimama, nacho kilikuwa viatu vya Placide.

Juu ya vichwa vya watu wote, kuku akatangaza yai lake: ko-ko-ko-kodaa!

"Placide," Clémence akasema kutoka chini, "hii koro yenu iko na kuku?"

Placide alitazama kulia, akatazama kushoto. Tayari Willy alikuwa amepiga magoti, amelikumbatia boksi bubu, analitikisa. Lilikuwa zito, nalo liligonga ndani, chupa kwa chupa. Alipong'oa kitambaa cha mbele hapakuwa na spika. Palikuwa na serumu, na nyuma yake kinini, katoni juu ya katoni.

Mzee mwenye sabuni ndiye aliyesimama wa kwanza. "Wewe Placide," alisema kwa hasira, "mutoto wa binti yangu alikosa serumu jana hospitali. Na ilikuwa hapa? Hapa kwako?"

Clémence ilibidi asimame katikati, tope likimchuruzika, mpaka pingu zifungwe.

*

Komanda alifika na gari lake wakati ziwa limeanza kuwa jeusi. Alikuta Placide kwenye benchi, dawa mezani, Mardochée mlangoni akifunga kamba za viatu, na Clémence akiandika.

"Nimesikia," Komanda akasema. "Vizuri sana, Maman. Basi huyu aende nyumbani. Nipe yule."

Placide akaanza kuomba Mungu kwa sauti. Clémence hakuinua kichwa mpaka amalize mstari wake.

"Hapana, Komanda."

"Umesema nini?"

"Nimesema hapana. Huyu alikata kufuli, akaiba dawa ya bagonjwa. Ni mwizi. Adui ni bako, bezi ni bangu. Kesho asubuhi ataenda parke na miguu yake."

Askari wawili nyuma ya Komanda wakasogea. Clémence aliweka kalamu chini na kusimama, na sauti yake ilitoka ileile ya kila siku.

"Ukimubeba, itabidi niandike kwa nini mambo ya wizi imekuwa mambo ya jeshi. Nitaandika kwamba bunduki haikukuwa. Ilikuwa godoro, fimbo na kuku. Na nitaandika kituo cha kona kilikimbia kwenda wapi, nikionyesha boti ya mguu iliyobaki mu maharagi ya mujane. Akibaki hapa, ninaandika kufuli na dawa. Nukta."

Komanda alimtazama sana, akawatazama askari wake. Mmoja wao ghafla aliona jambo la maana kwenye dari.

"Andika kufuli," Komanda akasema mwishoni. "Kufuli na dawa."

Gari lilipoondoka, Willy alikaa chini palepale kwenye sakafu. Mardochée alibaki amesimama. Hakuwa na uso wa mtu aliyepewa uhai wake.

"Maman Inspekta. Aksanti. Mama yangu atakuja kukushukuru." Akasita. "Lakini hiyo faili... mulio haimo? Hata kidogo?"

"Haimo."

"Wala mashini, wala mchezo, wala jina yangu?"

"Hakuna, Mardochée. Ndiyo bei yake. Ukitajwa wewe, boti itatajwa, na Komanda atarudi."

Akaitikia kwa kichwa. Aliokota koti lake, akaenda mpaka mlangoni, na mabega yake yalikuwa yameshuka vibaya sana. Clémence aliumia kumtazama; alijua ni kitu gani kumaliza kazi nzuri na pasiwe na mtu wa kusema.

"Mardochée!"

Akageuka.

"Mimi niliijua ile sauti," Clémence alisema. "Nilijua iko ndani ya kaseti, nilijua itakuja, nilijua hata na kuku yake. Na ni ile mbaya, ya kwanza, yenye unaonea haya. Nililala chini, wewe kijana. Kifudifudi, mbele ya Kasha nzima. Tazama pagne yangu."

Mardochée aliitazama pagne, tope limekauka tangu kifuani hadi magotini. Aliitazama kwa muda mrefu, na mabega yakapanda polepole. Kisha akatoka, akashika njia ya kwao gizani, anatembea katikati kabisa ya barabara.